Kiungo cha Mkono wa Kushoto

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudishe ufunguo wa kabati langu la vifaa, na leo asubuhi nimefungua pasi ya umeme ambayo haikuwa na ubaya wowote. Niliitazama ndani, nikaifunga. Jana ilikuwa zamu ya kengele ya mlango. Binti yangu ameanza kunificha bisibisi. Basi nimechukua daftari, kwa sababu mikono inataka kazi, na kwa sababu ninyi mliobaki gereji mliniambia siku ya kuagana kwamba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya umeme wa magari. Mlitaka vichekesho. Vimo viwili vitatu. Lakini kuna jambo moja ambalo lazima nilifikie, na ninawaomba msiruke kurasa kulitafuta.

Kazi niliianzia Koboko kwa fundi Lomoro. Zamani alikuwa askari. Umeme aliujifunza jeshini, na Kiswahili chake pia kilikuwa cha jeshini, kifupi, hakina adabu nyingi wala ubaya. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa gauni safi, nikidhani nitaandika majina ya wateja. Lomoro alinipa betri, balbu na kipande cha waya, akasema, "Washa," kisha akaenda kunywa chai. Nilihangaika mpaka saa sita. Aliporudi nilimwambia balbu imeungua.

"Ulipima?" akauliza.

Sikuwa nimepima. Alichukua taa yake ya kupimia, akagusa betri, nayo ilikuwa imekufa kabisa. Aliichagua makusudi. "Balbu iko mzima," akasema. "Wewe nasema mbele ya kupima." Nilirudi nyumbani gauni likiwa na matone ya asidi, na kufika Jumapili lilikuwa na matundu kama chujio. Tangu siku hiyo nimevaa ovaroli, na wale waliokuwa wakinicheka njiani walizoea au walichoka.

Jambo la pili alilonifundisha Lomoro ni kulehemu. Kwake hakukuwa na waya wa kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Kila kiungo kilichomwa kwa risasi ya kulehemu, kikapoa, kisha akakishika kwa koleo na kukivuta kwa nguvu zake zote. Kikiachia, unaanza upya. Nilipolalamika kwamba inachukua muda, alisema waya ule utakaa ndani ya gari miaka mingi kuliko mimi nitakavyokaa kwake. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mimi, kwa kuwa ninatumia mkono wa kushoto, ninasokota waya kinyume na watu wengine. Alinigeuzia kiungo changu mbele ya macho, akaweka chake kando yake. Cha kwake kilizunguka kama skrubu inavyofungwa, changu kilizunguka kama skrubu inavyofunguliwa. Alicheka, akasema kazi yangu ataijua popote.

Kutoka Koboko nikaja Arua, kwenye gereji ya Bwana Ondoma. Nilikuwa mwanamke pekee. Kwa miezi mingi nilipewa taa za nyuma tu, kana kwamba upande wa mbele wa gari una siri za wanaume. Meza ya jirani ilikuwa ya Anguzu, mtu wa Logiri, mrefu, mpole, na mzito wa kazi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Wateja walimlalamikia. Alilehemu kila kitu. Akimaliza kiungo alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakipuliza, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Tulikula pamoja muhogo aliokuja nao kutoka kwao. Binti yangu alipolazwa na malaria kali, Anguzu alifanya kazi zangu zote pamoja na zake siku nne, na bosi hakujua kwamba sikuwepo. Sikumwomba. Niliporudi nilikuta magari yangu yamekwisha, na yeye hakulitaja jambo hilo tena.

Kisha zikaja alamu. Wengine mlikuwa bado watoto. Magari ya mtumba yalianza kuingia kwa wingi, na kila mwenye gari akataka lilie. Nadhani wizi haukuwa mwingi kiasi hicho. Watu walipenda tu kubonyeza rimoti mbele ya kanisa na kusikia gari likijibu. Bosi alinikabidhi kazi hiyo kwa sababu vidole vyangu vinaingia chini ya dashibodi bila kung'oa kila kitu. Nikapata jina, Mama Waya. Magari yalipanga foleni mpaka nje ya geti, na mimi nikaacha kulehemu. Hakuna aliyeniambia niache. Nilikuwa na haraka tu. Nilisokota, nikazungushia tepu ya kijani niliyokuwa nikiinunua soko la Ariwara, upande wa Congo, nikarudisha plastiki, nikaita anayefuata. Viungo vilikuwa vinafanya kazi. Mteja akiondoka huku gari linalia na kunyamaza kama alivyotaka, fundi anarudi nyumbani kichwa juu.

Siku moja likaja gari ambalo gereji nzima ilisimama kulitazama. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la milango miwili, jekundu la damu ya mzee, lililokaa chini mpaka paka wetu akalikwepa badala ya kupita uvunguni. Taa zake za mbele zililala ndani ya boneti, na ukiziwasha zinachomoza kama macho ya chura. Mwenyewe alikuwa Papa Bahati, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Congo zamani na kuhamia Koboko. Kila shimo la barabara alilijua kwa jina, kwa kuwa gari lile halikusamehe hata moja. Alitaka alamu yenye kuzima injini. Nitaeleza kwa ajili ya wale wa mafunzo. Unakata waya unaopeleka umeme wa kuwashia injini, katikati yake unaweka relei, yaani swichi inayoamriwa na alamu. Mwizi akiingia, relei inafunguka, injini inakufa. Niliifunga siku hiyohiyo, katikati ya magari mengine mawili. Papa Bahati alilizunguka gari lake akilibonyezea rimoti kama mtoto, akaniita mama fundi, akaondoka akifurahi.

Baada ya miaka miwili alirudi kwa ajili ya redio. Mimi nilikuwa na foleni, kwa hiyo alipewa Anguzu, aliyemaliza kutwa nzima kwenye redio moja. Siku tatu baadaye Papa Bahati na mke wake walikuwa wanarudi Koboko kutoka Arua. Kwenye mteremko, katikati ya kulipita lori, injini ilizimika. Wanaojua magari wanajua kinachofuata. Usukani unakuwa mzito, breki inakuwa ngumu kama jiwe. Gari liliingia mtaroni. Papa Bahati alitoka na michubuko. Mama Bahati alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo.

Papa Bahati alikuja gereji wiki iliyofuata. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema gari lake halikuwahi kuzimika hata siku moja mpaka lilipowekwa redio. Bwana Ondoma alituita wote tusimame uani, akamwuliza Anguzu alifanya nini. Anguzu alisema, kwa sauti yake ileile ya kila siku, twende Koboko, tufungue dashibodi, tuangalie. Papa Bahati alikataa. Alisema hakuna mkono wa gereji hii utakaoligusa tena gari lake. Ndipo bosi akanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa nyaya za ndani. Akaniuliza ninaonaje.

Nilisema, "Redio ndiyo kitu cha mwisho kuguswa."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Redio ndiyo iliyoguswa mwisho. Lakini sikuwa nimepima chochote, sikuwa nimeliona gari, na nilijua kila mtu uani pale atayaelewa vipi. Anguzu alinitazama, akasubiri kidogo kama anayedhani nitaongeza neno. Sikuongeza. Alikusanya vifaa vyake mchana huohuo, akaondoka gereji kabisa. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa bado cha moto, akakibeba mkononi kwa kuwa hakikuweza kuingia kwenye mfuko.

Tulisikia baadaye kwamba yuko Oraba, anatengeneza taa za malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Kaya. Nimekwenda Koboko kikazi mara nyingi tangu hapo. Kutoka Koboko hadi Oraba si safari ya kuchukua chakula cha njiani. Sikuwahi kufika. Nilijiambia kwamba alikosea, na fundi hukosea, na huko ana kazi yake. Hata hivyo kila nilipowaonyesha wapya jinsi ya kulehemu, niliona vidole vyangu vinaharakisha, kana kwamba vinataka tuliache somo hilo tuingie jingine.

Sasa mwaka huu. Ilikuwa imebaki wiki chache nistaafu. Simu ikalia, sauti ya mwanamke, akajitambulisha kuwa ni Furaha, binti wa Papa Bahati. Baba yake alikuwa amefariki. Gari lilikuwa limefunikwa turubai nyuma ya nyumba miaka yote hiyo, na yeye alitaka kuliendesha. Fundi wa bodi alikuwa amelinyoosha, injini ilikuwa inawaka, lakini alamu ilikuwa imewashinda. Ilikuwa inalia bila sababu, rimoti imekufa, na kila baada ya dakika chache injini inazimika. Mafundi wawili wa Koboko walikuwa wamegoma. Mama yake ndiye aliyesema wamtafute yule mama fundi wa Arua, maana ndiye aliyeifunga.

Nilikwenda na alamu mpya kwenye mfuko. Gari nililikuta uani, jekundu bado, lakini limepauka kama kitambaa cha dirishani. Mama Bahati aliniletea kiti, nikamwomba aketi yeye. Kwanza nilikabiliana na king'ora. Vile vya zamani vina betri yao ndani, kwa hiyo ukikata waya ili kinyamaze ndipo kinapolia kwa hasira zaidi, na kifunguo chake kidogo cha kukizima kwa kawaida kimepotea tangu wiki ya kwanza. Nilikifungua haraka, nikakizungushia gunia, nikakitumbukiza kwenye pipa la mchanga wa ujenzi. Kiliendelea kulia humo chini kama mbuzi aliyefungiwa ghalani. Majirani walikuja kuangalia. Mama Bahati alicheka mpaka akashika fimbo, na mimi nikafurahi kwamba safari imeanza vizuri.

Kisha nikalala chali chini ya usukani. Alamu kuukuu haing'olewi kwa kuvuta. Unafuata kila waya mpaka ulipozaliwa, na kila palipokatwa unaparudisha kama kiwanda kilivyoacha, ndipo unaanza mpya. Nilizipata nyaya za redio kwanza. Zilipita upande wa kulia, zimefungwa pamoja kwa uzi, kila kiungo kimelehemiwa na kuvishwa mrija wa plastiki. Hazikukaribia hata kidogo waya wa kuwashia injini. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Relei ilikuwa kushoto. Tepu ya kijani ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Niliibandua kwa kisu. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi, nyuzi chache tu zimegusana, na nilipoutikisa waya kwa kidole kimoja viungo viliachana, vikagusana tena, vikaachana. Vilikuwa vimesokotwa tu. Vilizunguka kama skrubu inavyofunguliwa.

Furaha aliinama mlangoni akaniuliza kama nimepata shida. Nilitoka, nikamwomba amwite mama yake asogee. Nilikuwa na kile kiungo mkononi, nimekikata pande zote mbili. Nilijua kwamba nikikitia mfukoni, hakuna atakayejua mpaka siku ya kiama. Nawaambieni ukweli, mkono uliwahi kwenda mfukoni, ukarudi.

Niliwaambia. Nilieleza kiungo ni nini, nani alikifunga, kwa nini injini ilikufa mteremkoni, na kwamba redio haikuhusika. Nikaeleza na yale niliyosema uani. Furaha alisimama akakunja mikono. Akasema kwa upole wa kutisha, kama wa baba yake, kwamba nikusanye vitu vyangu, watatafuta mtu mwingine. Mama Bahati alikichukua kile kipande cha waya, akakiangalia, akakiweka juu ya paja, upande ule wa mguu mbovu.

"Papa Bahati amekufa na jina ya ule mutu mu kinywa," akasema mwishowe. "Miaka yote alikuwa anamulaani. Na mimi nilikuwa naitikia."

Nilikifuta kisu kwenye ovaroli.

"Ule mutu iko hai?"

Nikasema yuko Oraba.

"Basi maliza hii kazi, halafu uende kwake. Mguu yangu haitapona kwa masikitiko yako. Yeye iko hai."

Furaha alitaka kubisha, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Nilirudi chini ya usukani. Waya wa injini niliuunganisha kama ulivyotoka kiwandani, nikaulehemu, nikauvuta kwa koleo kwa nguvu zangu zote. Relei ya alamu mpya niliiweka kwenye waya wa stata, ile mota ya kuanzishia injini tu. Mwizi hataliwasha gari, lakini gari likishawaka na kuingia barabarani, hakuna relei itakayoweza kuliua chini ya mtu. Hili ndilo ninalotaka wapya mlishike katika yote niliyoandika juu ya ufundi. Ukishika cha kuzima gari, jiulize kitazima nini siku kitakapoharibika chenyewe, kwa maana kitaharibika. Furaha alilizungusha gari barabarani, akarudi, akalizima, akaliwasha. Hakuniaga. Mama yake alinipa mkono.

Kesho yake nilikwenda Oraba. Nilimpata Anguzu bila kuuliza sana, wabadilisha fedha pale mpakani wanamjua wote. Alikuwa amelala chini ya trela. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, lakini nilimtambua kwa utaratibu wake, maana vifaa vilipangwa juu ya kitambaa toka kidogo hadi kikubwa. Nilichuchumaa, nikamwambia ni mimi. Akasema jina langu, "Candiru," na akaendelea kufunga nati. Basi nikazungumza na miguu yake. Niliyasema yote, gari, tepu, kiungo, mteremko, maneno yangu mbele ya bosi. Malori yaliguruma kuingia na kutoka, mara mbili nililazimika kurudia. Nilipomaliza, nati iliacha kuzunguka.

"Zile waya zangu za redio," akasema kutoka kule chini. "Uliziona?"

"Niliziona."

"Zilikuwa namna gani?"

"Nzuri. Hakuna hata moja iliyoachia. Bado zinang'aa."

Alijivuta nje, akaketi, akapangusa mikono kidole kimoja baada ya kingine. Amezeeka, na jicho moja lina ukungu, nadhani ni moshi wa risasi ya kulehemu. Aliniambia kwamba miezi ya kwanza alikuwa akiirudia ile kazi kichwani, waya kwa waya, akitafuta alipokosea. Hakupaona. Mwisho alianza kuamini kwamba alikosea mahali asipoweza hata kupaona, na hilo lilimfanya aogope kila gari. Ndiyo sababu alibaki na taa za malori. Taa ikikosewa, alisema, inazimika tu.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Alisema, "Mimi umeniambia. Sasa ambia wale walisikia."

Wengi wenu mlikuwepo siku nilipowaita uani, ile wiki yangu ya mwisho. Mlidhani naaga mapema. Mliobaki wa zamani mliangalia chini, na wapya hamkujua Anguzu ni nani, ndiyo maana nimeyaandika hapa kwa utaratibu. Nilichosema uani kilikuwa kifupi, na hakikutoka vizuri. Bwana Ondoma alisema hayo ni mambo ya zamani, tuyaache, chai inapoa. Nilimwambia siondoki mpaka ampigie Anguzu simu. Alicheka, akaona sicheki. Nilimwandikia namba kwenye kasha la fyuzi, nikamfuata ofisini, nikasimama mbele ya meza yake. Alipiga. Sauti ya Anguzu ilisikika kwa sote mle ofisini.

"Niko chini ya lori. Piga baadaye." Akakata.

Bosi aliiweka simu mezani, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkatia. Nikaondoka, nikaenda kusafisha kabati. Sikutegemea zaidi. Lakini nimeambiwa kwamba kesho yake, bila mtu kumsimamia, Bwana Ondoma alifunga mlango wa ofisi, akapiga tena, na walizungumza muda mrefu. Walisema nini sijui. Anguzu hajaniambia, nami sijamwuliza. Nimerudi kwake Oraba mara mbili tangu nistaafu. Mara ya kwanza alinipa kiti tu. Mara ya pili, ambayo ilikuwa juzi, alinionyesha gari dogo lililoegeshwa kando ya malori yake, boneti wazi, la mtu wa Dranya, la kwanza alilolikubali kwa miaka mingi. Aliniambia nishike taa, nikashika, na tukafanya kazi mpaka saa kumi.